Bomba Lililokuwa Mezani

Nchi hii ina bendera, ina wimbo, ina ndege moja na mawaziri arobaini na saba, lakini jina haina. Si kwamba waasisi wake walisahau. Jina liliwekwa mezani siku ileile ya uhuru, kamati mbili zikapewa wiki moja kulijadili, na leo, miaka sitini na moja baadaye, wiki hiyo haijaisha. Kwa sasa, katika barua zote za serikali, huitwa Nchi Husika, na wananchi wake huitwa Wahusika. Ukifika na pasi yake kwenye uwanja wa ndege wa ugenini utasumbuliwa kidogo, lakini utakuwa umewakilisha taifa lenye uhuru wa kusema kuliko mataifa yote yaliyowahi kufungua mdomo.

Maana huko kila kitu hujadiliwa. Sheria Namba Moja, ambayo watoto huikariri kabla hawajajua kuhesabu, inasema: Jambo lililo mezani haliguswi. Yaani jambo likishatangazwa kuwa la mjadala, maofisa huja na utepe wa manjano wakalizungushia, na kuanzia hapo hakuna ruhusa ya kulisogeza, kulitengeneza wala kulipangusa vumbi mpaka mjadala ufungwe, mtu asije akauharibu kwa kutenda. Daraja la Mto Mkavu lina utepe wake tangu lilipokatika. Nguzo ya umeme iliyolalia paa la shule ina utepe wake, na watoto wanasoma wameinama. Palikuwa na ng'ombe aliyekufa katikati ya barabara kuu, naye akafungiwa utepe. Sasa imebaki mifupa, na mjadala umefika kipengele cha pili: je, marehemu alikuwa ng'ombe wa maziwa au wa nyama?

Wahusika wanaipenda sheria yao. Ukiwauliza kwa nini, watakujibu kwa saa tatu.

*

Chini ya kilima kwenye mji mkuu kuna mtaa uitwao Bondeni, na katika mtaa huo alikaa Sikudhani, mkunga wa zahanati, mwanamke mnene mwenye mikono mizuri na ulimi mfupi. Nusu ya watu wa Bondeni aliwapokea yeye walipotoka matumboni mwa mama zao, kwa hiyo hakuwaogopa, maana alikuwa amewaona wote wakiwa uchi na wanalia. Alikaa na mumewe, Mzee Hemedi, kinyozi aliyestaafu, na mjukuu wao Tunu, mwenye umri wa mwaka mmoja. Mama yake Tunu, Asumini, alikuwa akishona mashati kiwandani ng'ambo ya Mto Mkavu, akimwachia bibi mtoto mpaka mambo yatengemae.

Juu ya kilima ulisimama Ukumbi wa Midahalo wa Taifa, wenye viti elfu moja na mia mbili vya kuzunguka, na vyoo tisini. Vyoo hivyo vilihitajika. Wajumbe wa mijadala walikula mara tano kwa siku, kwa sababu kusema kunachosha. Na vyote walivyokula, vikishamaliza kazi yake ya kitaifa, viliteremka kilimani kwa bomba moja la udongo lililopita chini ya Bondeni kuelekea mashimo ya nje ya mji.

Bomba likapasuka. Likapasukia hatua kumi na mbili kutoka mlangoni kwa Sikudhani.

Hakuna haja ya kueleza yaliyotoka. Yalitoka. Yakakata uwanja, yakatengeneza kijito, kijito kikatengeneza dimbwi mbele ya ngazi za zahanati, na kina mama wenye matumbo wakawa wanavuka kwa kushikana mikono. Sikudhani alijua kwa pua ratiba ya mjadala uliokuwa ukiendelea kilimani. Siku ya ufunguzi walikula kamba wa baharini. Siku ya pili walikula pilau, na punje zake zilipita mlangoni kwake zikiwa nzimanzima, kwa sababu wajumbe walikuwa wakisema hata wakati wa kutafuna.

Siku ya tatu mkunga alikwenda ofisi ya mtaa kuripoti. Alasiri hiyohiyo maofisa wakaja, wepesi ajabu. Wakazungushia utepe wa manjano pale palipopasuka, wakamweka mlinzi aitwaye Kombo juu ya kigoda, na Karani wa Mjadala, Bwana Lusinde, kijana mwenye viatu vilivyong'arishwa, akampa Sikudhani mkono wa pongezi.

"Hongera, mama. Bomba lako limepanda mezani."

"Mimi sikuomba lipande, mwanangu. Niliomba lizibwe."

"Ndiyo maana yake," akasema karani. "Sasa usiliguse."

*

Mjadala ulipewa jina: Je, Kinachotiririka Bondeni ni Maji Taka, au ni Maji Yaliyochoka? Ukarushwa redioni kila adhuhuri. Kama kawaida ya nchi palikuwa na pande mbili, Upande wa Ndiyo na Upande wa Ndiyo Lakini. Zamani ulikuwepo na Upande wa Hapana, ukafutwa kwa kukosa adabu.

Msidhani watu wa Bondeni walichukia. Walifurahi kama waliopata harusi. Mtaa wao ulikuwa haujawahi kutajwa redioni. Kofia zikauzwa, nyeupe za Ndiyo na buluu za Ndiyo Lakini. Watu waliokuwa wakichangia kitoweo wakaacha kusalimiana. Jioni walikusanyika kando ya kijito kile, wamejifunga vitambaa puani, wakibishana kwa sauti za puani kama kinanuka au hakijanuka. Mzee Hemedi alinunua kofia ya buluu, akaanza kulala nayo.

"Hemedi," mkewe akamwambia, "mtoto anaharisha."

"Ndiyo, mama Asumini," akajibu yule mzee, masikio yote yako redioni. "Lakini..."

Sikudhani alichemsha maji. Alisugua sakafu, alisugua mikono ya mtoto, alifunga mlango kwa kamba. Lakini mtoto wa umri ule haachi kutambaa hata umfunge wapi. Kila alichookota alikionja, na kila kitu uwanjani kilikuwa kimeshapitiwa na mjadala. Tunu aliharisha siku nne. Bibi akamnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, akapona, akabaki macho na kichwa. Daktari wa zahanati akamwangalia akasema, "Bi Sikudhani, wewe mwenyewe ni mwenzetu, sina la kukuficha. Safari hii kapona. Bomba lisipozibwa, ataugua tena, na hana tena mwili wa kuugulia."

Kwa hiyo ilipokuja barua ya kumwalika Ukumbini, akae kwenye Kigoda cha Mwananchi, Sikudhani hakusita. Alivaa khanga mpya. Aliamini, masikini wa Mungu, kwamba wale watu walikuwa hawajaambiwa tu.

*

Kigoda cha Mwananchi kilikuwa kifupi kuliko viti vingine, ili mwananchi atazame juu. Sikudhani alipewa dakika mbili na karatasi iliyoandikwa swali lake. Swali lake lilikuwa: "Sisi wa Bondeni tutumie njia gani kushukuru?"

Kabla ya zamu yake alizungumza Waziri wa Mijadala, Makongamano na Midahalo, Mheshimiwa Daktari Profesa Injinia Mbelembele. Alikuwa na sauti nzuri. Hata akisema "naomba chumvi" watu hupiga makofi.

"Ndugu Wahusika!" akasema. "Zipo nchi, sitazitaja, ambazo mabomba yake ni mazima. Mazima kabisa! Lakini nendeni mkasikilize: kimya. Hakuna anayesema kitu. Watu wanajisaidia, wanavuta maji, wanaondoka, kama wanyama! Hilo ni taifa? Sisi bomba letu limepasuka, ndiyo. Lakini limepasuka kidemokrasia! Kila tone linalotoka pale limetoka mbele ya macho ya umma. Na mimi nawauliza wapinzani wetu wa Upande wa Ndiyo Lakini: mnataka tulizibe? Tuzibe midomo ya wananchi?"

Upande wa Ndiyo Lakini ulisimama kwa hasira ukakanusha kwamba umewahi kutaka kitu kizibwe. Makofi yakalia pande zote. Ikaletwa sambusa.

Sikudhani alikaa pale chini akitazama midomo. Kazi yake yote alikuwa akisubiri kitu kitoke kwa watu, na kilipotoka kilikuwa hai, kinalia, kina vidole. Hapa elfu moja na mia mbili walikuwa wakisukuma tangu asubuhi, na alijua, kwa pua yake mwenyewe, kitakachotoka. Alisikia kichefuchefu, si cha harufu, maana humo ndani walipulizia marashi ya waridi. Kilikuwa kichefuchefu cha watu.

Zamu yake ilipofika, aliikunja karatasi akaitia kifuani.

"Mimi ni Sikudhani, mkunga wa Bondeni," akasema. "Mjukuu wangu anaitwa Tunu. Kinyesi chenu kinapita mlangoni kwangu, na mtoto anakila. Akiugua tena atakufa. Fundi akipewa kipande kimoja cha bomba na saruji debe moja, ni kazi ya saa moja. Naomba mtuachie tuzibe. Basi."

Kisha mtu mmoja akaanza kupiga makofi taratibu, akafuata wa pili, na mara watu elfu moja na mia mbili walikuwa wamesimama. Waziri alitoa leso akapangusa jicho. Mwenyekiti alisema kwamba katika miaka yake ishirini ya mijadala hajawahi kusikia mchango mzito kama ule. Mjumbe wa Ndiyo akapendekeza, mjumbe wa Ndiyo Lakini akaunga mkono, ikapita bila kupingwa: kwamba kwa heshima ya maneno ya mama huyu mjadala uongezewe siku tisa, ili yapate kujadiliwa kwa kina. Na kwa kuwa ratiba imeongezeka, chakula nacho kiongezwe.

Sikudhani alishuka kilimani kwa miguu. Siku ya pili kijito kilikuwa kimepanda mpaka ngazi ya tatu ya zahanati, na ndani yake alizitambua zile sambusa. Tunu akaanza tena kuharisha.

*

Maneno matupu hayavunji mfupa, walisema wazee, lakini wazee hao hawakuwahi kuishi chini ya ukumbi.

Mkunga akamfuata Fundi Chande, fundi bomba wa mtaa wa pili, ambaye alikuwa hana kazi tangu mabomba yote ya mji yapande mezani.

"Shikamoo, Bi Sikudhani."

"Marahaba, mwanangu. Ni mimi niliyekupokea ulipozaliwa?"

"Umenipokea mimi na wanangu wawili."

"Basi leo nakuja kudai."

Walifanya kazi hiyo mchana kweupe, saa sita na nusu, kwa sababu ndiyo saa ambayo hapakuwa na jicho hata moja. Mjadala wa bomba ulikuwa redioni, na mtaa mzima ulikuwa umeinamia redio ukisikiliza habari za bomba. Kombo mlinzi mwenyewe alikuwa ameiegemeza redio yake sikioni, amefumba macho, amewapa mgongo. Chande akapita chini ya utepe, akakata, akaunga, akakandika saruji. Kwa kuwa saa ile wajumbe wote walikuwa wakisema na hakuna aliyekuwa chooni, hata maji hayakumsumbua. Ilichukua saa moja barabara.

Nawaambieni, siku tisa zile Bondeni palikuwa mahali pa kuishi watu. Uwanja ukakauka. Kina mama wakapanda ngazi za zahanati bila kushikwa. Tunu akanywa uji, akamaliza, akapiga bakuli chini akitaka tena. Siku ya saba alisimama bila kushika ukuta, akamtazama bibi yake kama aliyefanya jambo la kawaida, akakaa chini kwa kishindo. Sikudhani, aliyekuwa hajalia mbele za watu tangu alipokuwa bibi harusi, alilia.

Na hakuna aliyeuliza. Watu walipita pakavu wakienda kubishana kama pamelowa.

*

Siku ya kumi wajumbe walifanya ziara ya kujionea. Walikuja na magari sitini, wamevaa mabuti mapya ya mpira yaliyonunuliwa maalumu, Waziri mbele. Akashuka kwa uangalifu, akaukanyaga mchanga mkavu. Akanusa. Akanusa tena.

"Harufu iko wapi?" akauliza.

Karani Lusinde akapekua makabrasha yake. "Ilikuwa hapa, Mheshimiwa."

"Ilikuwa! Nina hotuba mbili zimebaki! Kuna wageni wanakuja kutoka nchi saba kujifunza mjadala wetu! Niwaonyeshe nini mimi, mchanga?" Sauti yake nzuri ilikuwa imepasuka kama lile bomba. "Ndugu Wahusika, tumehujumiwa. Kuna mtu ametenda!"

Neno hilo lilipita katika umati kama habari ya msiba. Wa kofia nyeupe wakawatazama wa kofia za buluu, na kwa mara ya kwanza tangu mjadala uanze pande zote mbili zilikubaliana jambo moja: mtu huyo ni mbaya. Saruji mpya ilimtaja Chande, maana fundi bomba mwingine karibu hapakuwa. Hakukana, wala hakumtaja mtu. Alihukumiwa palepale, kwa kosa la kuvuruga mjadala kwa vitendo, semina elekezi ya miezi sita bila mapumziko. Alipopandishwa kwenye gari alimtupia Sikudhani mfuko wa zana zake, akasema, "Niwekee, mama."

Kisha ikaletwa nyundo yenye mpini uliofungwa riboni. Kikundi cha ngoma kilikuwepo, hakijulikani kilitokea wapi. Waziri alivua koti, akasema maneno machache ya dakika arobaini, akainua nyundo akaipasua ile saruji. Kwanza hakikutoka kitu. Halafu, kutoka kilimani, likaja gurugururu, na yakatoka.

Watu wa Bondeni wakashangilia. Hili lazima lisemwe, ingawa kulisema kunauma meno. Wakunga hawakushangilia, wagonjwa hawakushangilia, lakini mtaa ulishangilia, na kofia zikarushwa juu, nyeupe na buluu pamoja. Mzee Hemedi alirusha yake. Ilipoanguka ilitumbukia kijitoni, akaiokota, akaikung'uta, akaivaa.

Sikudhani aliyaona yote hayo kutoka mlangoni, amembeba Tunu. Mumewe aliporudi akitaka chai, alimtazama tangu kofia mpaka kandambili, akasema, "Unanuka." Hakusema naye tena wiki nzima.

*

Tunu aliugua siku ya nne baada ya ile sherehe. Safari hii kijiko hakikusaidia. Kila kilichoingia kilitoka. Alfajiri ya siku ya sita, bibi yake akiwa amemshika kwa mikono ileile iliyompokea, akaisha.

Asumini alipigiwa simu, akaanza safari. Akafika Mto Mkavu, akalikuta daraja na utepe wake, na mto mwaka ule haukuwa mkavu. Akakaa ng'ambo, akitazama upande wa kwao. Wazee wakasema maiti haiwekwi, azikwe.

Walikuwa wanajiandaa kunyanyua jeneza alipofika Karani Lusinde. Ameziba pua kwa leso, kwapani ana daftari, na mkononi ana bunda zima la utepe wa manjano. Watu walipouona ule utepe wakaacha walichokuwa wakifanya.

"Poleni sana, wafiwa," akasema karani. "Nina swali moja la kisheria. Marehemu alikuwa upande gani?"

Wanaume wakasogea karibu na jeneza.

"Ni kwamba," akaendelea kwa upole, maana hakuwa kijana mbaya, na hilo ndilo linalochefua zaidi, "kama alishiriki katika mjadala, basi kifo chake ni sehemu ya mjadala, kitapanda mezani, na mwili hautaguswa mpaka tufunge. Ndiyo au Ndiyo Lakini?"

Mzee Hemedi alivua kofia. Akaitazama, akaikunja, asijue pa kuiweka.

Sikudhani akatoka ndani, akasimama kati ya utepe na jeneza.

"Alikuwa hajaanza kusema," akasema.

"Hata neno moja?"

"Hata neno moja."

Karani akapumua. Ilionekana ameondolewa mzigo. Akafungua daftari, akatafuta mstari, akaandika kwa mwandiko mzuri, akisoma kwa sauti kadiri alivyoandika: "Tunu. Wa Bondeni. Hakuchangia." Akafunga daftari. "Mnaweza kuzika, mama. Hahusiki."

Wanaume wakabeba. Ilibidi wakivuke kijito kile cha Ukumbi, maji yakiwafika kwenye vifundo, na mbele yao Mzee Hemedi kichwa wazi. Karani akaondoka kwa njia ya juu, akiruka kwenye mawe ili asichafue viatu.

Wanawake walibaki uani. Ilikuwa adhuhuri, na jirani mmoja, kwa mazoea tu, akafungua redio. Mwenyekiti alikuwa akisoma mada mpya: Je, Msiba wa Bondeni Umeimarisha Hoja ya Upande Gani? Jirani mwingine akasema yeye anavyoona umeimarisha Ndiyo. Wa tatu akafungua mdomo.

Sikudhani akainuka. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa zana wa Fundi Chande na debe la saruji kichwani. Akavuka uwanja mbele ya macho ya wote, akapita chini ya utepe wa manjano, akapiga magoti ndani ya kile kinyesi cha taifa, akiwa na khanga yake ya msiba, akatia mikono.

Kombo mlinzi akaruka kutoka kwenye kigoda, redio ikamponyoka.

"Bi Sikudhani! Haliguswi hilo! Liko mezani!"

Mkunga alikuwa ameshapapasa mpaka akaupata ule ufa, na sasa alikuwa anatafuta zana.

"Mama, nitaitwa mimi!" Kombo alikuwa anakaribia kulia. Filimbi ilikuwa mkononi, lakini haikulia. Naye alikuwa na mapacha wa miezi kumi, wote wawili waliotokea kwenye mikono ile. "Angalau niambie, niwaandikie nini? Wewe uko upande gani?"

Sikudhani hakuinua kichwa. Alimwelekezea ncha ya bomba.

"Shika hapa," akasema.